Jioni ya bei ndogo Dar es Salaam: Upanga, Mikocheni, makumbusho au uswahilini?

Ijumaa moja nilitoka Gongo la Mboto kwenda Upanga kusikiliza muziki wa bure. Kiingilio hakikuwepo, ni kweli. Kwenda nilipanda daladala mbili, nauli ya kawaida. Muziki ukaisha saa nne na robo usiku, nikafika kituoni nikakuta watu wawili na mbwa. Bodaboda iliyonirudisha nyumbani ikala hela ambayo ningenunulia tiketi ya onyesho la kulipia, na chenji ya mihogo ingebaki. Tangu siku hiyo, nikisikia tukio la bure siulizi kwanza kiingilio. Nauliza linaisha saa ngapi.

Ukiuliza mjini hapa wapi pa kwenda kuona sanaa, ngoma au filamu bila kuvunja kibubu, utapewa majina matano kwa mkupuo mmoja kana kwamba yote ni mamoja. Si mamoja. Kuna mahali pa bure panapomfaa anayekaa Kinondoni na kumtesa wa Mbagala. Kuna pengine pana kiingilio kidogo lakini utatoka umetumia zaidi kwa kuwatunza wasanii. Nimezipanga sehemu ninazozijua katika makundi manne: vituo vya utamaduni vya nje vilivyoko Upanga, yaani Alliance Française ya Kifaransa na Goethe-Institut ya Kijerumani, Nafasi Art Space ya Mikocheni, makumbusho mawili ya taifa, lile la Mtaa wa Shaaban Robert na Kijiji cha Makumbusho, na shughuli za uswahilini, kuanzia mdundiko hadi maulidi.

Vipimo vyenyewe

Vyote nitavipima kwa mambo matano.

Gharama kamili: kiingilio, nauli ya kwenda na kurudi, kinywaji utakachojikuta umeagiza, na ile noti ya kutunza au ya mchango ambayo haiandikwi kwenye bango.

Habari: unajuaje kwamba kuna kitu, na unajua mapema kiasi gani.

Saa: kama muda uliotangazwa ndio muda wenyewe. Hapa pana mtego kwetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Niliwahi kuona bango limeandikwa "7:00", bila asubuhi wala jioni, nikafika saa saba mchana nimejipulizia manukato. Mlinzi akanitazama kwa huruma: "Kaka, hiyo ni saa moja usiku." Ukikuta tarakimu na nukta mbili, uliza.

Mlango: unapokelewaje ukifika peke yako, hujulikani, huna mwaliko. Lugha inayotumika ndani naihesabu hapa pia.

Kurudi: nimeshasema.

Upanga: Alliance Française na Goethe-Institut

Alliance iko Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, Goethe iko Barabara ya Alykhan. Vyote viwili vinafundisha lugha, na vyote viwili vina ratiba ya maonyesho ya picha, filamu, mijadala na muziki.

Gharama. Maonyesho ya picha, mijadala na filamu mara nyingi ni bure. Baadhi ya matamasha ya muziki yana kiingilio, nacho hutangazwa wazi. Siku ya kuizungushia duara kwenye kalenda ni 21 Juni, Sikukuu ya Muziki iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1982, ambayo asili yake ni wanamuziki kupiga na watu kusikiliza bila kulipa. Alliance ya Dar huiadhimisha, ingawa shamrashamra zinaweza kusogezwa hadi wikiendi ya karibu. Kinachotoboa mfuko huku ni mezani: soda inauzwa kwa bei ya Upanga. Kula nyumbani kabla hujatoka.

Habari. Hapa ndipo vituo hivi vinapowazidi wengine. Ratiba hutoka mapema, huwekwa mitandaoni, na unaweza kupanga mwezi mzima. Kasoro ni kwamba tangazo linaweza kukujia kwa Kiingereza au Kifaransa, na fundi seremala wa Vingunguti anayependa muziki hatajua kwamba anahusika.

Saa. Kilichoandikwa saa moja kinaanza saa moja na dakika kadhaa. Ukichelewa filamu, umechelewa.

Mlango. Kuna geti, kuna mlinzi, pengine begi litakaguliwa na utaandika jina kwenye daftari. Mara ya kwanza unaweza kujiona umekosea njia. Hujakosea, ingia. Ndani utakuta wanafunzi wa lugha, wasanii, wageni wanaofanya kazi mjini, na Watanzania waliokuja kama wewe. Hakuna atakayekuuliza umealikwa na nani. Utasikia muziki ambao redio haipigi, na filamu utakayoona huenda maandishi yake ya chini ni ya Kiingereza. Kama Kiingereza kinakupa taabu, chagua muziki au picha, mjadala uuache kwanza.

Kurudi. Anayekwenda Mwenge au Tegeta anasimama kandokando ya Ali Hassan Mwinyi na gari linampitia. Wa Mbagala, Gongo la Mboto au Kigamboni lazima kwanza ajirudishe mjini, na huko usiku ukishaingia magari yanapungua. Ondoka wimbo mmoja kabla ya mwisho. Utaukosa wimbo mzuri kuliko wote, najua.

Inamfaa nani. Mtu anayependa kupanga, anayevumilia kuwa mgeni, na anayetaka kuonja kisichopatikana mtaani kwake.

Mikocheni: Nafasi Art Space

Nafasi ilianza mwaka 2008 kwenye eneo la viwanda vidogo Mikocheni, Barabara ya Eyasi. Ni karakana za wasanii zilizokusanywa pamoja, na kuna ukumbi wa maonyesho, jukwaa na mafunzo. Tofauti yake na Upanga ni kwamba huku humkuti msanii ameoga na kuvaa kwa ajili yako. Unamkuta ana rangi kwenye viwiko.

Kuingia kutazama picha hulipi. Matukio ya jioni mengine ni bure na mengine yana kiingilio, kwa hiyo tazama tangazo la siku hiyo. Habari zao zinakaa mitandaoni na husambaa kupitia wasanii wenyewe. Ukimfuata msanii mmoja aliyeko pale, atakuletea habari za wenzake kumi bila wewe kuomba. Saa inategemea: ufunguzi wa maonyesho haukimbii, unaweza kufika umechelewa nusu saa na hotuba bado.

Mlango wake ndio rahisi kuliko yote niliyoijaribu, kwa masharti kwamba uwe tayari kuongea. Ukisimama kimya mbele ya mchoro kwa dakika tano, mtu atakuja kukuuliza unaona nini. Usiogope kujibu kwamba huoni kitu. Mazungumzo mazuri niliyowahi kuyapata pale yalianza hivyo hivyo. Kiswahili kinatembea bila shida.

Kuna watu huifananisha Nafasi na kituo cha Tingatinga kule Oysterbay. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi za bei nafuu mwaka 1968 na kufariki 1972; wanafunzi wake na warithi wao ndio walioiendeleza kazi. Kule pia kutazama hulipi, na kumwona mchoraji akijaza madoadoa ya chui ni raha ya peke yake. Ila kule ni duka. Atakayekukaribisha anatarajia ununue, na ana haki, kwani ndiyo riziki yake. Nafasi unaweza kuondoka mikono mitupu bila kujisikia vibaya.

Kurudi ndiko kunakouma. Kutoka barabara kubwa hadi getini, wengi huchukua bodaboda au bajaji, na usiku hiyo ni gharama ya pande mbili. Mchana unaweza kutembea.

Inamfaa kijana anayechora, anayepiga picha, anayeandika, au yeyote anayetafuta watu wa fani yake kuliko kutafuta burudani. Pia inamfaa mtu mwenye Jumamosi mchana mtupu.

Makumbusho mawili

Ya kwanza ni Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea. Yalifunguliwa 1940. Ndiyo yanayolitunza fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolifukua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Kuna magari ya zamani ya viongozi, na kuna kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa 7 Agosti 1998, ambayo mtu wa rika langu hapiti mbele yake akiwa anacheka. Ya pili ni Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kilichoanzishwa 1967: nyumba za jadi za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, msonge wa Wahaya, tembe ya Wagogo, nyumba ya Wazaramo na nyinginezo, uwanja mmoja, chini ya miti.

Gharama. Kiingilio kipo, lakini raia analipa sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kutoka nje, na watoto na wanafunzi wana bei yao. Beba kitambulisho.

Habari. Hapa huhitaji habari sana, kwani makumbusho yako pale pale. Kinachohitaji kufuatiliwa ni matukio maalumu. Kijiji kina Siku ya Utamaduni wa Mtanzania, ambapo jamii fulani huja na ngoma zake, vyakula vyake na wazee wake wa kueleza mila. Nalo jengo la Shaaban Robert lina ukumbi wa maonyesho. Matangazo haya hayapigi kelele. Ukipita karibu, ingia uulize getini kuna nini mwezi huu, na mtu atakujibu kwa Kiswahili safi kuliko tovuti yoyote.

Saa. Ni shughuli ya mchana. Ngoma za Kijiji hupigwa alasiri, na siku wageni wakiwa wachache unaweza kukuta wapigaji wamekaa kivulini.

Mlango. Unakata tiketi, unaingia, hakuna anayekupima. Mwongozaji akikutembeza, asante ya mkononi ni ustaarabu.

Kurudi. Ushindi mtupu. Kituo cha daladala cha Makumbusho kimechukua jina la Kijiji, na magari ya pande nyingi za mji yanafika. La mjini unalifikia kwa miguu kutoka Posta. Jua likizama uko nyumbani unapika.

Inamfaa nani. Wazazi, walimu, na mwenye mgeni kutoka mkoani. Anayetafuta msisimko wa usiku atapiga miayo.

Uswahilini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wanaoandika orodha za matukio hawafiki, na ndipo utamaduni wa mji huu unapopumua kila wiki bila msaada wa mfadhili.

Anza na mdundiko. Ngoma ya Wazaramo, inatembea barabarani, mara nyingi kwa sababu ya harusi au mwali, na inavuta watu kama sumaku. Waulize watu wazima wa Buguruni na Ilala ni wangapi walichapwa utotoni kwa kuufuata mdundiko hadi mtaa wasioujua. Hauna kiingilio wala ukumbi. Kuna taarabu ya kisasa, rusha roho, yenye kiingilio mlangoni na mipasho ndani. Kuna muziki wa dansi: Msondo Ngoma, bendi ambayo mizizi yake ni NUTA Jazz ya 1964, na Mlimani Park, Sikinde, ya 1978, zimelea vizazi vya wacheza dansi, na mila ya bendi kupiga baa kwa "kiingilio kinywaji chako" bado ipo. Kuna singeli, mtoto wa muziki wa mchiriku, aliyekulia Manzese na Tandale, kasi yake inamtoa mtu pumzi. Halafu kuna maulidi, hasa Mfungo Sita, ambapo utasikia kaswida na dufu na kuondoka umekula pilau. Na kuna matamasha ya kwaya makanisani, ambayo mengi ni bure hadi pale uzinduzi wa albamu unapogeuka harambee na mchungaji anakutazama wewe.

Gharama. Mlangoni ni kidogo au hakuna. Ndani ndipo penye kazi. Taarabu bila kutunza ni sawa na kwenda harusini bila kupiga kigelegele. Na noti ya kumtunza mwimbaji ina maneno yake. Usinyanyuke kutunza wimbo wa mafumbo kama hujui nani amekaa meza ya nyuma yako. Kwenye baa, kinywaji kimoja kinageuka vitatu. Panga hela ya kutumia, nyingine iache nyumbani kabisa, usiiamini mifuko yako.

Habari. Gari la matangazo lenye spika, karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme, na midomo. Midomo kwanza. Kinyozi, mama wa genge, dereva wa bodaboda wa kijiweni: hawa watatu wanajua wiki nzima mtaani kuna nini, wapi na kwa nani. Jirani yangu anayeuza vitumbua huniambia Jumatano habari za Jumamosi. Nikimshukuru ananijibu, "Baba, wewe nunua vitumbua."

Saa. "Kuanzia saa mbili usiku" maana yake vyombo vya muziki vinaanza kupangwa saa mbili. Bendi itapanda saa nne. Kigodoro, ile ngoma ya usiku ya mtaani, kinaweza kukesha, au kinaweza kuzimwa katikati kwa sababu kibali cha serikali ya mtaa hakikupatikana. Usiahidi mtu kwamba utakuwa umerudi saa fulani.

Mlango. Panahitaji busara kuliko kote. Rusha roho na baa zenye bendi ni za wote. Lakini harusi, unyago na maulidi ya nyumbani ni shughuli za watu. Mdundiko ukiwa barabarani ni wako. Ukishaingia uani ni wa mwenye shughuli. Nenda na mwenyeji, msalimie mwenye nyumba, vaa kwa heshima, kanzu au kanga kama ni maulidi, na usitoe simu kurekodi kabla ya kuomba ruhusa. Mambo ya unyago mengine hayarekodiwi kabisa. Mwanamke anayekwenda peke yake kwenye kigodoro ajue anakokwenda na nani wa kumsindikiza. Ndivyo mambo yalivyo.

Kurudi. Kama ni mtaani kwako, unatembea. Hapa ndipo uswahilini kunapowashinda Upanga na Mikocheni kwa mbali. Kama ni mtaa wa watu, lala kwa ndugu au usubiri daladala za alfajiri.

Inamfaa nani. Mwenye mwenyeji, mwenye subira na saa, na mwenye kupenda utamaduni akiwa ndani yake na jasho linamtoka. Anayechukia kelele aende maulidini.

Visivyoingia kwenye makundi

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kina Idara ya Sanaa Bunifu ambayo wanafunzi wake huonyesha michezo ya kuigiza, na kina Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha taaluma za Umajumui wa Afrika, yaani umoja wa Waafrika, kilichoanza 2008, chenye mihadhara inayojaza ukumbi. Mihadhara hiyo huingii kwa tiketi. Bagamoyo si Dar, ila tamasha la TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, likifika, ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ukiondoka asubuhi, na ngoma utakazoziona uwanja mmoja ungezunguka mikoa kuzipata.

Uchague vipi

Una watoto na Jumapili moja: Kijiji cha Makumbusho, alasiri, na maji ya kunywa kutoka nyumbani. Kama siku hiyo kuna jamii inayoonyesha mila zake, fika mapema kabla vyakula havijaisha.

Umehamia Dar juzi na humjui mtu: anza Nafasi mchana, kwa sababu ndiko utakakoongea na mtu bila kutambulishwa. Upanga utapata muziki, lakini unaweza kuingia na kutoka bila kusema neno. Uswahilini kutakujia kwenyewe ukishapata kinyozi wa kudumu.

Unakaa mbali, Mbagala, Chanika au Gongo la Mboto, na huna hela ya bodaboda ya usiku: chukua matukio ya mchana mjini, na jioni zako zitumie mtaani kwako. Kama tukio la Upanga ni la lazima, tafuta kwanza pa kulala, kisha ndipo ufurahie kwamba ni bure.

Unakaa Kijitonyama, Sinza au Mwenge: una bahati, mengi yako jirani. Amua kwa lugha na kwa kelele unayoimudu.

Unataka kusikia dansi la zamani na mzee wako anakuja kutembea: mpeleke kwenye bendi, jioni ya mapema, meza ya pembeni mbali na spika, na umpe noti mbili ndogo ndogo za kutunza. Mzee wangu alizimaliza kabla ya wimbo wa pili, akaniambia, "Mwanangu, ongeza."